Tasnifu ya Senene

Nilikuja nikaona. Hivyo ndivyo msimulizi wa Kihaya anavyofungua hadithi, na wasikilizaji humwitikia: ona, nasi tuone. Haya, tuone.

Ukisimama ufukweni Bukoba mjini unakiona kisiwa cha Musira, jabali lenye nyasi kichwani na wavuvi miguuni. Wazee husimulia kwamba zamani waliovunja miiko, wezi na mabinti waliobeba mimba kabla ya ndoa, walivushwa kwa mtumbwi wakaachwa huko wajionee. Siku hizi wanyama wamefungua chuo juu ya jabali hilo, na wanaovushwa ni wanaosomea shahada ya uzamili. Wavuvi wanasema hakuna kilichobadilika isipokuwa ada.

Novemba 2015, usiku wa mvua, senene walishuka kwenye rweya, yaani uwanda wa nyasi, ya Kamachumu, wilayani Muleba. Alfajiri kina mama walifika na vyombo vyao. Senene wakaokotwa, wakanyonyolewa mbawa na miguu, wakakaangwa kwa mafuta yaliyotoka miilini mwao wenyewe, wakaongezewa kitunguu na chumvi. Mmoja alisalimika, wa kike, wa kijani, kwa kuwa alikuwa amejibanza kwenye shina la nyasi akiwaza. Alichokiwaza ni hiki: hawa wanaotula kila mwaka hawajui tunatoka wapi. Wapo wanaosema ziwani. Wapo wanaosema mawinguni. Bukoba wanasema Uganda, na Uganda wanasema Bukoba. Na yeye ametoka huko kwao juzi tu. Akaona kwamba akiliandika jambo hili kwa sentensi moja, ubishi wa miaka mingi utakwisha kabla ya chakula cha mchana.

Sentensi hiyo akaipeleka Musira.

Msimamizi aliyepangiwa ni Fundichuma. Wengi mnamjua: ndege wa kahawia, kichwa cha nyundo, haachi kuokota. Ndege wengine hujenga kiota ili watage. Fundichuma hujenga ili ajenge. Kiota chake kina maelfu ya vijiti, matope, matambara, kamba za nyavu na mifupa, na ni kigumu kiasi kwamba mtu mzima akisimama juu yake hakibonyei. Kabla hajakitumia huwa ameanza kingine. Yeye mwenyewe alipenda kueleza kwamba ukoo wake unatokana na wahunzi wa Katuruka, walioyeyusha chuma Buhaya yapata miaka 2,000 iliyopita, na kwamba Wamarekani wawili, Schmidt na Avery, waliliandika jambo la ufundi huo kwenye jarida la Science mwaka 1978. Mwaka na jina la jarida aliyataja kila kikao. Chuma chenyewe hajawahi kukigusa.

"Shikamoo Profesa."

"Marahaba, binti yangu. Andiko lako nimelipitia. Lina sentensi moja."

"Ndiyo, waitu. Ndilo jibu."

"Jibu linakuja sura ya tano. Sisi tupo sura ya kwanza, na sura ya kwanza inataka tatizo la utafiti. Kama jibu unalo mkononi, tatizo umeliweka wapi?"

Senene, ambaye masikio yake yapo kwenye miguu ya mbele kama ya jamaa zake wote, aliinyoosha miguu asikie vizuri. Hakuwa na la kujibu. Akaondoka kwenda kutafuta tatizo.

Aliporudi nalo, mada ilibadilishwa. Yeye alikuwa ameandika "Senene Wanatoka Wapi". Fundichuma akasema hicho ni kichwa cha habari ya gazeti. Mada ikawa "Tathmini ya Mielekeo ya Mitazamo Kuhusu Asili ya Ujio wa Senene katika Ukanda wa Magharibi wa Ziwa Viktoria: Uchunguzi Kifani wa Wilaya ya Muleba". Senene aliisoma mara mbili akauliza kama bado inamhusu yeye.

"Inakuhusu sana. Sasa, hii sentensi yako, nani kasema?"

"Nimesema mimi, waitu. Nilikuwepo."

"Wewe ni data, binti yangu. Data haisemi. Data huchambuliwa."

Akamwuliza kama amemnukuu Padri Mors, aliyechapisha mwaka 1958 makala juu ya panzi kuwa chakula cha Buhaya. Senene akajibu kwamba nyanya wa nyanya zake walikuwemo kwenye vikaango vya miaka hiyo. "Walichapisha?" akauliza Fundichuma, naye hakuwa anatania. Senene akajitetea tena: Profesa Mulokozi, Mhaya wa huku huku, aliandika tasnifu yake ya uzamivu pale Dar es Salaam mwaka 1986 juu ya tenzi za nanga, ala ya nyuzi ya Wahaya, na hakuna aliyemkataza kuandika ya kwao.

"Ni kweli," akasema Fundichuma. "Lakini yeye hakuwa nanga."

Nimtendee haki Fundichuma, maana hekaya za aina hii humfanya msimamizi kuwa mjinga moja kwa moja, na mambo hayako hivyo. Siku moja, akiwa anatafuta miwani, alimwuliza Senene: "Wewe unajua kundi lako lilikotoka. Umejuaje kwamba na makundi mengine yametoka huko huko?" Hilo lilikuwa swali la maana kuliko yote yaliyoulizwa kisiwani katika miaka yote ya habari hii. Senene lilimnyima usingizi. Ndugu zake wa kahawia, je? Na wanaoshuka Aprili? Na wale wa Bumbire, ambao wakianguka pembeni kidogo wanaangukia maji? Kwa mara ya kwanza akaona kwamba alikuwa na ushahidi wa usiku mmoja tu, na kwamba kujua njia yako siyo kujua njia zote.

Akaenda uwandani. Miaka hii wateka senene hawangoji alfajiri. Huwasha taa kali, wakasimamisha mabati mapya kuzunguka taa, na chini ya mabati wakapanga mapipa. Senene wanaijia taa, wanagonga bati, wanateleza, wanaingia pipani. Mtafiti wetu alijishikiza kwenye ukingo wa bati huko Nshamba na dodoso lake, akawahoji ndugu zake walipokuwa wakiteleza. Mahojiano yalikuwa mafupi. "Unatoka wapi, ndugu yangu?" Mhojiwa alipata muda wa kutaja sehemu moja, au nusu ya jina lake. Wengi walisema "Na wewe je?" kisha wakasikika kwenye pipa. Hata hivyo alirudi Musira na kurasa kumi na moja safi kabisa. Humo kundi la kijani na kundi la kahawia yalitenganishwa, upepo ukaandikwa, mvua ikaandikwa, na ile sentensi yake ya kwanza ikarekebishwa kidogo, ikawa na nguvu zaidi. Aliiweka ukurasa wa 41.

Fundichuma alizirudisha kurasa zile na maoni mawili. Nafasi kati ya mistari siyo yenyewe. Na sentensi ya ukurasa wa 41 haina marejeo. Iondolewe kwa muda.

Hilo "kwa muda" mlikumbuke.

Maisha ya senene hayahesabiwi kwa miaka ya masomo. Masika ya 2016 yalipofika, Senene alikuwa amezeeka, akafa akiwa katika mapitio ya maandiko. Kabla ya hapo alikuwa ametaga kwenye nyasi za kisiwani, na binti yake alipokua akaichukua tasnifu. Chuo hakikugundua. Jina ni lile lile, sura ni ile ile, deni la ada ni lile lile.

Binti huyu alikuwa mtiifu kuliko mama. Aliambiwa aongeze vijiti, akaongeza. Kila alichosema alitaja aliyekisema kabla yake, na kila aliyekisema kabla yake alimtaja aliyemtangulia, mpaka aya ikawa na majina mengi kuliko vitenzi. Aliambiwa hana kiunzi cha nadharia, akakiagiza. Kilipofika hakikumtosha, kwa kuwa kilitengenezwa kwa ajili ya nzige wa jangwani, akajikunja akakiingia.

Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko liliitikisa Kagera. Nyumba zilianguka Hamugembe na kwingineko, watu wakazika watu wao, wakalala nje wiki nzima kwa hofu. Hao walikuwa na msiba. Fundichuma yeye alipata sababu. Hadi miezi mingi baadaye, kila Senene alipouliza kuhusu sura ya tatu, alijibiwa kwa sauti ya huzuni kwamba tangu lile tetemeko mambo hayajakaa sawa. Kiota chake hakikupata ufa.

Sura zote zilipokamilika zikapelekwa kwa Mbuzi, karani wa masomo ya uzamili. Mbuzi alipokea nakala tatu, akazipanga mezani, na wiki iliyofuata akasema hazijamfikia. Kwenye ndevu zake kulikuwa na kipande cha yaliyomo. Senene akachapa nyingine tatu. Hizo zilimfikia, lakini fomu ya kusudio la kuwasilisha ilikuwa ya mwaka uliopita. Ya mwaka huu ina mstari mmoja zaidi chini, wa saini ya mwenye saini ya juu. Sitaji ni chuo gani cha binadamu kinachofanana na hiki. Kila aliyewahi kukaa kwenye benchi la korido na bahasha mapajani, akiambiwa mhusika ametoka kidogo, ana chake kichwani.

Kutoka kwa Mbuzi kazi ikaenda kwa mkaguzi wa wizi wa kitaaluma, Kasuku wa kijivu kutoka msitu wa Minziro. Ndiyo, Kasuku. Chuo kilimteua kwa sababu anakumbuka kila alichowahi kusikia. Baada ya siku nyingi alitoa taarifa: asilimia thelathini na nane ya tasnifu hii imekwisha kusemwa na wengine. Senene alipoomba kuonyeshwa, aliona yamepigwa mstari mwekundu jina la chuo, jina la idara, maneno "Ziwa Viktoria", orodha yote ya marejeo, na neno "na". Akaagizwa ayaandike kwa maneno yake mwenyewe. Ndipo Ziwa Viktoria likawa "mkusanyiko mpana wa maji baridi ulioko mashariki ya Muleba", kurasa zote.

Jina nalo lilileta balaa lake. Mfaransa Serville alimpa mdudu huyu jina la kitaalamu mwaka 1838, na leo wataalamu humwita Ruspolia differens. Katikati hapo vitabu vingi vya karne ya 20 vilimwita Homorocoryphus nitidulus. Mtahini wa ndani, Ngedere, alikuwa na kitabu kimoja tu, cha zamani, akataka jina libadilishwe liwe hilo. Likabadilishwa. Fundichuma akataka lirudishwe. Likarudishwa. Yule binti, aliyekwenda kulala kila siku bila kujua kesho ataamka akiitwa nani, alianza kukohoa. Akamwita mwanawe.

"Mama, nisaidie kitu kimoja," akasema yule mtoto, ambaye alizaliwa Musira na hakuwahi kuvuka maji. "Watahini wakiniuliza, sisi tunatoka wapi?"

Mama yake alikuwa ameambiwa na mama yake kwa mdomo, na alilijua. Lakini alikuwa ameshazoea vingine. Akajibu kwa sauti ndogo: "Tazama ukurasa wa 41," akafa.

Mtoto akafungua ukurasa wa 41. Palikuwa na ramani ya Muleba isiyo na vipimo.

Utetezi ulisubiri hadi Novemba, kwa kuwa mtahini wa nje hufika Novemba. Huyu ni Korongo Mweupe, anayeishi Ulaya na kukwepa baridi huku kwetu mpaka Machi. Ni mwanazuoni wa kweli wa wadudu, amewafuatilia kutoka bara hadi bara, na sehemu kubwa ya ujuzi wake ameihifadhi tumboni. Alipotua jabalini alimwangalia mtahiniwa kwa muda mrefu, akasema mada hii ina ladha.

Mwenyekiti alikuwa Ng'ombe wa pembe ndefu kutoka Karagwe. Kila hoja aliimeza, akairudisha mdomoni, akaicheua taratibu, akaimeza tena, kwa hiyo kikao cha saa mbili kilifika jioni.

Ngedere alianza. Alisema amesoma tasnifu nzima na hajaona ndizi. Alikumbusha kikao kwamba mnyauko wa migomba uliingia Kagera mwaka 2006, kwamba ni janga, kwamba yeye mwenyewe ameathirika, na kwamba haiwezekani mtu aandike juu ya Muleba bila sura ya mnyauko. Senene akasema senene hali migomba, anakula nyasi. Ngedere akasema ndiyo maana inahitajika sura.

Korongo akaomba kuona data ghafi. Wakaletwa wahojiwa watano waliobaki hai, wamepangwa juu ya jiwe. Korongo aliinamia wa kwanza, kisha wa pili, akifumba macho kila mara kwa umakini. Data ghafi ikaisha. Akaandika kwenye daftari lake: sampuli ni ndogo. Akauliza pia kwa nini hakuna ulinganisho na Bondo, Kenya, ambako Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga kina kituo cha utafiti wa wadudu wanaoliwa. Senene akaandika: Bondo.

Kisha Korongo akauliza swali ambalo hakuna aliyelitarajia kwake.

"Nimesoma kurasa mia mbili na kumi na nne. Mapitio ni mapana, marejeo ni mengi, nadharia imekaa ingawa inabana. Lakini mimi huruka juu ya nyasi hizi kila mwaka, na nilitaka kujua jambo moja. Senene wanatoka wapi?"

Ng'ombe aliacha kucheua. Mtahiniwa akamtazama Fundichuma. Fundichuma akatazama upande wa bara.

"Ilikuwepo sentensi," akasema hatimaye. "Toleo la kwanza kabisa. Niliomba iondolewe kwa muda."

"Iko wapi?"

Nakala ya chuo ilikuwa kwa Mbuzi, na Mbuzi akasema haikumfikia. Nakala ya msimamizi, Fundichuma alieleza kwa fahari kidogo, ilitumika vizuri: ile karatasi ya ukurasa wa 41 ndiyo iliyoziba upenyo wa upepo kwenye kiota, upande wa chini, na tangu hapo zimejengwa ghorofa tatu juu yake. Kuitoa kungehitaji kubomoa. Mwenyekiti akaliweka jambo hilo mbele ya wajumbe. Kubomoa kiota cha profesa kwa ajili ya sentensi moja isiyo na marejeo hakukupata hata kura ya Senene, kwa kuwa mtahiniwa hapigi kura.

Uamuzi ukasomwa: amefaulu, kwa sharti la masahihisho madogo, ndani ya mwezi mmoja.

Masahihisho hufanywa kwa jedwali, na jedwali la Senene ninalo hapa. Safu ya kwanza, hoja ya mtahini: sura ya mnyauko haipo. Hatua iliyochukuliwa: imeongezwa. Ukurasa: 97 hadi 131. Hoja: hakuna ulinganisho na Bondo. Hatua: Bondo imetajwa. Ukurasa: 12. Hoja: tasnifu haionyeshi senene wanatoka wapi. Hatua: imezingatiwa. Ukurasa: wote.

Fundichuma akatia saini. Ngedere akatia saini, akaacha alama ya kidole chenye utomvu. Korongo alitia saini yake hewani, akirudi kaskazini, na Mbuzi akaigonga muhuri kabla hajaila. Tasnifu ilifungwa kwa jalada gumu jeusi, herufi za dhahabu mgongoni, ambazo hazikutosha kichwa cha habari chote, hivyo mgongoni panasomeka "Tathmini ya Mielekeo ya Mitazamo Kuhusu" basi. Siku ya mahafali joho lilikuwa la kiumbe wa miguu miwili. Senene alivaa alivyoweza. Kwa kawaida ya jinsi yake hana sauti. Wanaoimba kwa kusugua mbawa ni madume tu, na madume wa mwaka ule walikuwa sokoni Bukoba wamepimwa kwa vikombe. Walimpigia makofi.

Sura ya mwisho ya tasnifu, kama ilivyo kanuni, inatoa mapendekezo kwa tafiti zijazo. Pendekezo la kwanza linasema kwamba bado kuna pengo la maarifa kuhusu mahali senene wanakotoka, na kwamba mtafiti mwingine alichunguze. Chuo kimelipokea pendekezo hilo kwa uzito na kutangaza nafasi moja ya uzamili kwa mwaka ujao. Msimamizi ni yule yule. Mbuzi anapokea fomu hadi Ijumaa saa tisa na nusu alasiri, na ada ya maombi hairudishwi.